Bloku Zimekusanyika, Sasa Tumalize Kwilti: Wito wa Harambee

Ndugu wapendwa, marafiki, na wote mliowahi kuketi nasi kwenye chai baada ya ibada, Bwana Yesu asifiwe.

Sisi ni kikundi cha akina mama wa usharika unaoabudu kwa Kiswahili hapa Saint Paul, Minnesota. Tunawaandikia kwa sababu ya maboksi yaliyomo katika chumba cha chini cha kanisa. Ndani yake mna bloku 480 za kitambaa, kila moja mraba wa kama inchi 12 na nusu uliounganishwa kwa vipande vidogo, zimeshonwa, zimepigwa pasi, zimepangwa kwa rangi. Zimetoka mikononi mwa wanawake wa Tanzania, Kenya, Kongo na Burundi wanaoishi miji mbalimbali ya Marekani na Kanada. Ukizitandaza sakafuni unasimama tu unazitazama. Lakini hakuna mtoto anayejifunika bloku. Mpaka ziunganishwe, zitiwe pamba katikati, ziwekewe mgongo na kukunjwa pindo, ziwe kwilti, yaani blanketi la tabaka tatu, hazimpi mtu joto lolote. Tunaomba mtusaidie kuzimalizisha safari hiyo kabla baridi haijafunga. Tunahitaji dola 2,200, na tunawaeleza hapa chini kila dola itakwenda wapi.

Usharika wa Waamerika unaotupokea una bibi ambao kila Alhamisi hukaa chumbani humo wakishona kwilti kwa ajili ya Lutheran World Relief, shirika lililoanzishwa na Walutheri wa Marekani mwaka 1945 kuwasaidia watu wa Ulaya walioachwa na vita bila makazi wala mavazi. Baadhi ya bibi hao wamefika Iringa kwa njia ya Bega Kwa Bega, ule undugu wa Sinodi ya Saint Paul na Dayosisi ya Iringa ya KKKT. Kwa hiyo tulipoingia mara ya kwanza na kanga mabegani hawakushangaa. Waliuliza kama tuna vipande vya kukata. Wakatuonyesha kushona mshono wa robo inchi, tukawaonyesha kufunga kitenge, na tangu hapo Alhamisi ni yetu sote.

Kubadilishana bloku kulianza kwa sababu akina mama wengi wa kwetu hawaishi karibu. Mmoja yuko Iowa kwenye kiwanda cha nyama, mwingine Ohio analea wajukuu, mwingine Alberta. Tukaendesha jambo hili kama upatu. Wanawake 12 wanakubaliana mtindo mmoja na kipimo kimoja. Kila mmoja anashona bloku 12 zinazofanana, moja anabaki nayo, 11 anawatumia wenzake kwa posta. Mzunguko ukiisha kila mtu ana bloku 12 za mikono 12 tofauti. Mizunguko ilipoongezeka, wengi walisema wazi kwamba wao hawana nafasi wala mashine ya kumalizia, wakazirudisha bloku zao kwetu ziwe mali ya kazi ya huruma. Ndivyo maboksi yalivyojaa.

Mtindo uliopendwa kuliko yote ni ule unaoitwa Log Cabin. Kiini cha mraba kinakaa katikati, mara nyingi chekundu, kisha vipande vyembamba vinakizunguka upande kwa upande, nusu rangi nyepesi na nusu rangi nzito. Waamerika husema kile kiini chekundu ndio moto wa nyumba. Mama zetu walipoambiwa hivyo walisema basi hapo ni mafigani, na hakuna aliyehitaji maelezo zaidi. Wengine kiini wamekikata kutoka kwenye kisutu, ile kanga nyekundu, nyeusi na nyeupe ya harusi. Kwenye kona ya kila bloku mshonaji ameandika kwa kalamu isiyofutika jina lake na alikozaliwa: Uvira, Kalemie, Bukoba, Mbeya, Kisumu, Bujumbura.

Kuna bloku ambazo tunazishika kwa uangalifu wa pekee. Ni za dada yetu mmoja ambaye Bwana amemtwaa kabla mzunguko wake haujaisha. Watoto wake walizikuta zimekunjwa kando ya cherehani yake, bado zina pini, wakazituma zilivyo. Wameomba jambo moja tu, kwamba zisikae. Tumekubaliana kwilti yake iwe ya kwanza kumalizwa na irudi kwa watoto hao.

Sasa tuseme habari ya kazi yenyewe, maana mtu akisikia bloku zimeshashonwa anadhani kilichobaki ni kuunganisha tu.

Rula ni moja lakini mikono ni mingi. Bloku yenye mishono minane, kila mshono ukizidi upana kidogo tu, inapungua hata nusu inchi. Zetu zimekuja na vipimo vya namna zote kati ya inchi 12 na 13. Zilizozidi tunazipunguza pembeni, zilizopungua tunazizungushia fremu nyembamba, kisha kati ya bloku na bloku, na kuzunguka ukingo wote, tunapitisha mkanda wa inchi 2. Ule mkanda unaficha tofauti na kulipa jicho mahali pa kupumzika, kwa sababu kanga ya Mombasa na kitenge cha Bukavu vikikaa ubavu kwa ubavu bila nafasi, vinapigana. Bloku 20, nne kwa tano, pamoja na mikanda yake, zinatoa uso wa inchi 58 kwa 72, unaomtosha mtu mzima mmoja. Kwa bloku 480 hizo ni kwilti 24.

Kitambaa nacho kina tabia zake. Kanga ni pamba nyepesi, kitenge ni kizito na kinatoka kiwandani kikiwa kigumu. Kimoja kikisinyaa kuliko kingine baada ya kushonwa, bloku nzima inajikunja. Vyekundu na vya bluu iliyokoza huchuja rangi. Kwa hiyo kila kitambaa cha mikanda na migongo kinafuliwa na kupigwa pasi kabla mkasi haujakigusa, na hilo peke yake ni siku nzima ya maji, sabuni na kamba za kuanikia chumbani.

Halafu inakuja pamba ya kati. Hiyo ndiyo joto lenyewe, na ndiyo hatuwezi kuiokota wala kuiazima. Tunataka kuinunua kwa roli, yaani bunda kubwa lililoviringishwa, ili bei ishuke. Pamba isiposhikwa vizuri hujikusanya upande mmoja ikifuliwa mara mbili tatu, na kwilti inabaki na mabonge miguuni na utupu kifuani. Ndiyo maana tunafunga fundo la uzi mnene kila baada ya inchi 4 au 5, tabaka zote tatu kwa pamoja, kwa mkono. Kwilti moja ni mafundo zaidi ya 150. Hii ni kazi ya watu wengi kuzunguka meza moja, na ni kazi nzuri sana, maana hapo ndipo hadithi zinatoka.

Mgongo ndio sehemu ambayo ninyi mlioko nyumbani mnaweza kutusaidia hata bila fedha. Kitambaa cha pamba cha madukani hapa kina upana wa inchi 42 hadi 44, hivyo kila mgongo unahitaji vipande viwili viunganishwe, karibu yadi 4 na nusu. Kitenge kimoja cha yadi 6 kinatoa mgongo mzima na pindo lake. Doti ya kanga ikiunganishwa kwa urefu nayo inakaribia kutosha, tukiongeza ukanda mwembamba pembeni. Sisi tunaipenda zaidi kanga, kwa sababu jina lake linabaki upande wa ndani, karibu na mwili. Mtoto aliyezaliwa Minnesota atajifunza kusoma Kiswahili akiwa amelala. Kama una doti au kitenge cha pamba halisi ambacho hakijachakaa, mpe msafiri yeyote anayekuja huku.

Kuhusu fedha, hesabu yetu ni hii. Pamba, mgongo, kitambaa cha mikanda na nyuzi vinagharimu karibu dola 60 kwa kila kwilti. Kwilti 20 tutazifunga wenyewe kwa mkono, kwa hiyo hapo ni dola 1,200. Nne zilizobaki, zenye bloku bora kabisa, tutazipeleka kwa fundi mwenye mashine kubwa ya fremu inayoshona michoro juu ya tabaka zote tatu. Mafundi hao hutoza kwa inchi ya mraba, na kwa ukubwa wetu inafika kama dola 85 kwa moja juu ya zile 60, jumla dola 580 kwa zote nne. Hizo nne zitapigwa mnada. Dola 420 zinazobaki ni za cherehani moja imara inayoweza kupita kwenye tabaka nene bila kukwama, pamoja na sindano na visu vya kukatia. Cherehani tunazotumia sasa ni za nyumbani, za kushonea magauni, na pindo la kwilti linazichosha.

Tumeulizwa, tena na watu wanaotupenda, kwa nini tusinunue mablanketi ya dukani kwa dola 15 na kuyagawa kesho. Swali hilo ni la haki na tulilijadili kwa muda mrefu. Familia zilizofika hapa kwa mpango wa ukimbizi ziliandaliwa vitanda na mashuka na shirika lililozipokea. Usiku wa Januari unaoshuka chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri ni mkali, lakini blanketi la namna fulani wanakuwa nalo. Wanachokosa ni kitu kilichotengenezwa kwa ajili yao na watu wanaoijua njia waliyopita. Mtu aliyekaa Nyarugusu miaka mingi, katika kambi ya wakimbizi huko Tanzania iliyofunguliwa mwaka 1996 na ambamo watoto wengi wamezaliwa na kuwa wazazi, amepokea vitu vya msaada maisha yake yote. Vyote vilikuwa sawasawa na vya jirani. Kwilti hii hakuna nyingine inayofanana nayo duniani, na ina majina ya wanawake 20 kwenye kona zake. Dola 45 za ziada zinalipia hilo, na sisi tunaamini zinastahili.

Desturi ya majina si ngeni katika nchi hii. Miaka ya 1840 familia zilizohamia magharibi zilibeba kwilti zilizotiwa sahihi na ndugu na majirani waliobaki nyuma, wengi wao wakijua hawataonana tena. Sisi tunaigeuza: wanaotia sahihi ni waliotangulia kufika, na wanaopokea ni wanaofuata. Na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia akina mama wa Marekani waliuchangia Msalaba Mwekundu kwa njia ambayo mtu yeyote wa harambee ataielewa. Ulitoa senti kadhaa, jina lako likatariziwa kwenye kwilti, kisha kwilti yenyewe ikauzwa na fedha ikaongezeka tena.

Tunafuata mfano huo. Atakayetoa dola 60, gharama ya kwilti moja, jina lake litatariziwa kwenye kibandiko cha mgongoni, au jina la yeyote anayetaka kumkumbuka: mama, mume, mtoto, mwalimu. Familia au jumuiya inaweza kuungana ikatoa moja. Anayetoa chini ya hapo anashiriki vilevile, na hatutatangaza viwango vya mtu mmoja mmoja kanisani. Ahadi zinapokelewa, na zinaweza kulipwa kidogo kidogo.

Kwilti zile 20 zitagawanywa hivi. Ya dada yetu inakwenda kwa watoto wake. Sita tutaziongezea mpaka zifike inchi 60 kwa 80, kipimo cha Lutheran World Relief, tuzitume pamoja na za bibi zetu wa Alhamisi, kwa kuwa wao ndio waliotufundisha na kwilti za shirika hilo zimeshafika hata Tanzania. Kumi na tatu ni za familia zinazoingia baridi yao ya kwanza au ya pili hapa, na za wazee wetu wanaoishi peke yao kwenye maghorofa. Orodha ya wapokeaji inaandaliwa na wazee wa kanisa, sisi washonaji hatuchagui. Mapato ya mnada yatanunua pamba na nyuzi za mzunguko unaofuata, ili mwakani tusirudi kwenu kwa jambo hilihili.

Mikono nayo tunaihitaji. Jumamosi zote za Oktoba, kuanzia saa tatu asubuhi, tutakuwa chumba cha chini tukifunga mafundo. Anayejua kupitisha uzi kwenye sindano anatosha. Akina baba karibuni. Meza ni nzito na roli za pamba ni kubwa, na wawili kati yenu tayari wamethibitisha kwamba fundo lao halifunguki. Watoto wa shule ya Jumapili watapewa kazi ya kupanga rangi. Chakula kitakuwepo, akina mama wa Kongo wameahidi sombe (kisamvu) na akina mama wa Bukoba ndizi.

Fedha zipelekwe kwa mweka hazina wa usharika, kwa bahasha iliyoandikwa KWILTI au kwa njia za kawaida za kutoa sadaka. Mlioko Tanzania na Kenya tumieni ndugu zenu walioko hapa, au mwulizeni mchungaji wenu awaunganishe na wetu. Mapato na matumizi yatabandikwa ukutani karibu na mlango kila mwisho wa mwezi, pamoja na risiti za pamba na za fundi. Ahadi zote zifike kabla ya mwisho wa Septemba ili roli ziagizwe mapema. Mnada utafanyika Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio, mara baada ya ibada, na kwilti zote 24 zitatundikwa kanisani siku hiyo. Anayetaka jina litariziwe aliandike vizuri kwa herufi kubwa, nyuma ya bahasha.