Vidonge vya chuma visiachwe njiani

Mhariri,

Makala yenu kuhusu upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa madini ya chuma ilieleza vyema dalili, ila haikugusa muda wa tiba. Watu wazima wengi huacha vidonge mara uchovu unapopungua. Ni mapema mno: hemoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ikisharudi kawaida, akiba ya chuma mwilini bado haijajaa, na inahitaji dawa kwa takriban miezi 3 zaidi.

Wengine hukimbizwa na kichefuchefu, kufunga choo au choo cheusi, ambacho mara nyingi ni rangi ya dawa tu. Wahudumu wa afya wayaeleze haya siku ya kwanza. Anayesumbuliwa asiache kimyakimya; aulize kama anaweza kumeza siku moja na kuruka inayofuata. Chanzo nacho kitafutwe, hasa kuvuja damu tumboni.

Msomaji wenu