YAH: MALALAMIKO YA KUFUNGIWA VALVU YA BIOMETANI KWA KIWANGO MSICHOWEZA KUKIPIMA

Ndugu Mkurugenzi,

Tafadhali husika na kichwa cha barua hapo juu. Mkataba wa kuunganishwa mnao, na kiambatisho cha ubora wa gesi mlikiandika wenyewe, kwa hiyo sitawachosha kwa kuvirudia.

Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, ofisa wenu wa ubora aliifunga valvu yetu ya kuingizia biometani, yaani gesi ya samadi na mabua iliyosafishwa, kwenye bomba lenu, akaitia lakiri. Nilipompa karatasi ya vipimo vya usiku huo aliniambia mbele ya wafanyakazi wangu, "Mama, gesi ya mavi haiingii kwenye bomba letu." Akapanda gari akaondoka. Hakutuachia hata mstari mmoja wa maandishi.

Sababu niliipata Ijumaa, tena kwa simu, baada ya kuhangaishwa kutoka ofisi moja hadi nyingine: siloksani, yaani kemikali zenye silikoni ndani yake. Kiambatisho chenu kinataka silikoni isizidi miligramu 0.1 katika kila mita ya ujazo. Ripoti ya maabara mliyoichagua ninyi inasema "chini ya 0.5", na chini ya ukurasa imeelezwa kwamba 0.5 ndicho kiasi kidogo kabisa ambacho chombo chao kinaweza kukitambua. Naomba usome hapo mara mbili, Ndugu Mkurugenzi. Maabara haikuona kitu. Ofisa wenu akaichukua hiyo 0.5, akailinganisha na 0.1, akatufelisha. Kiwango cha Ulaya cha biometani inayoingia kwenye mabomba, EN 16723-1 cha mwaka 2016, kinataja kikomo cha kati ya miligramu 0.3 na 1. Ninyi mkitaka kuwa wakali zaidi ni haki yenu, lakini leteni kipimo kinachofika huko.

Sipingi kuwepo kwa kiwango. Nimewahi kushika plagi ya injini iliyokuwa ikitumia gesi ya majitaka: ilikuwa na ganda jeupe, gumu, ukilikwangua kwa ukucha linadondoka kama unga wa glasi. Hiyo ndiyo silika inayobaki siloksani ikiungua, na najua inavyoua injini na kuharibu vichomeo. Lakini siloksani hutoka kwenye shampuu, vipodozi na sabuni, vitu vinavyoishia kwenye majitaka na majalala. Tangi letu linakula samadi na mabua. Hili tuliliandika kwenye fomu ya maombi, na mliipitisha.

Na hata kabla ya Jumanne mlikuwa mmeshaanza. Wiki mbili nyuma mlituandikia tuongeze propani ili nishati inayotolewa na gesi yetu ikiungua ilingane na ya gesi asilia yenu. Metani tupu, kwa nyuzi 15, ina takriban megajuli 37.7 kwa mita ya ujazo. Hata tukiisafisha mpaka mwisho wa dunia haitazidi hapo. Gesi yenu inazidi kwa sababu ina ethani na propani ndani yake. Kwa hiyo mnataka tununue gesi ya visukuku tuitie kwenye gesi mbadala, ndipo iwe na ubora? Barua hiyo niliijibu. Sijapata jibu mpaka leo.

Narudi Jumanne, maana haijanitoka moyoni. Karatasi ile ilikuwa na kila kitu: metani asilimia 97, kaboni dioksaidi asilimia 2, haidrojeni salfaidi chini ya miligramu 5, unyevu, oksijeni. Ukiacha metani, hivyo ndivyo vinavyokula chuma cha bomba, na ndiyo maana tunabadilisha mkaa amilifu, ule unaonasa salfaidi, kabla haujachoka. Ofisa wenu aliipokea, hakuisoma. Aliikunja mara mbili, akafutia grisi ya spana vidoleni, akanirudishia mkononi. Ndipo akasema, na sasa nayaandika maneno yake yote: "Mama, gesi ya mavi haiingii kwenye bomba letu mpaka niseme mimi." Binti anayekesha akichukua vipimo hivyo alikuwa amesimama pembeni yangu na daftari lake. Aliinamisha uso. Sikuwa na la kumwambia.

Tangi halizimwi kwa swichi. Bakteria wanaendelea kutoa gesi, na mfuko wa akiba ulijaa kabla jua halijazama siku ileile. Tangu hapo tunaichoma, mchana na usiku, kwa sababu kuiachia hewani ni vibaya zaidi: kwa kipindi cha miaka 100, metani hupasha joto dunia takriban mara 28 kuliko kaboni dioksaidi ya uzito huohuo. Moto huo unaonekana kutoka barabarani. Watu wanauliza kama tumepata ajali.

Naomba lakiri iondolewe na sampuli mpya ichukuliwe tukiwepo, ipelekwe maabara inayoweza kuona 0.1. Naomba pia mtuandikie matokeo ya "chini ya" mnayasoma vipi, ili yasitegemee ofisa kaamkaje. Na kila mita ya ujazo tuliyoichoma ilipwe kwa bei ya mkataba. Mita inasoma, na kumbukumbu zipo.

Nilikuwa nimeandika siku 14. Nimefuta. Nawapa siku 7 tangu mtakapopokea barua hii, na sasa nataka pia ofisa huyo aje aombe radhi palepale kwenye valvu, mbele ya watu walewale, na binti yule akiwepo. Siku ya 8 jalada lote litakuwa kwa mdhibiti wa nishati, na wakili wetu atakuwa ameshafungua shauri. Karatasi ya vipimo, ikiwa na grisi na alama za vidole vyake, nimeihifadhi ndani ya bahasha ya plastiki. Itakuwa kielelezo cha kwanza.

Wako,
Msimamizi wa Mtambo

Viambatisho: ripoti ya maabara, kumbukumbu za mita, nakala ya barua yetu kuhusu propani.