Risala ya Wahitimu wa Mafunzo ya Usalama wa Mtandao kwa Mgeni Rasmi

Ndugu mgeni rasmi,
Mkuu wa kituo, wakufunzi wetu, wazazi na walezi, wahitimu wenzetu, mabibi na mabwana,

Tunakukaribisha kwa furaha kubwa katika mahafali yetu. Kampuni unayoiongoza ndiyo iliyogharamia mafunzo haya tangu siku ya kwanza, na kwa muda wote huo tulilijua jina lake kwa kulisoma kwenye vibandiko vya kompyuta tu. Leo tumepata nafasi ya kukushukuru ana kwa ana, na kukueleza kwa uwazi yale ambayo taarifa za maandishi huenda hazikukufikishia.

Ndugu mgeni rasmi, wengi wetu tulipojiandikisha hatukuwa tumewahi kumiliki kompyuta. Tulikuwa na simu, na kupitia simu hizo familia zetu zilikuwa zimeshaumizwa. Wapo miongoni mwetu ambao wazazi wao waliambiwa kwa ujumbe mfupi kwamba wameshinda zawadi, wakataja namba ya siri, na akiba ya miezi mingi ikaondoka kabla hawajaishusha simu. Kwa mwenye uwezo, hasara hiyo ni usumbufu wa wiki moja. Kwetu ilikuwa karo ya mtoto, tena mtoto huyo wakati mwingine alikuwa ni huyu anayehitimu leo.

Katika kipindi cha kwanza mkufunzi alituonyesha anwani mbili za barua pepe, akatuuliza ipi ni ya kweli. Tulizitazama kwa muda mrefu na kukubaliana kwamba zinafanana. Alipozikuza tuliona kuwa katika mojawapo, herufi tuliyoisoma kuwa m ilikuwa ni r na n zilizosogezwa karibu. Darasa zima lilinyamaza, kwa sababu kila mmoja alikuwa anakumbuka viungo alivyowahi kuvibonyeza bila kuangalia mara ya pili.

Kompyuta hazikututosha, kwa hiyo tulifanya mazoezi wawili wawili: mmoja akiandika amri, mwenzake akinukuu daftarini saa na kila kilichotokea, kisha tukabadilishana. Upungufu huo ulitufundisha jambo ambalo baadaye tuligundua kuwa ndilo kiini cha kazi yenyewe, kwani anayechunguza uvamizi hutegemea mpangilio wa matukio kuliko kitu kingine chochote. Tulijifunza kusoma mstari kwa mstari kumbukumbu za seva, yaani orodha ambamo kompyuta kuu inayohudumia nyingine huandika kila kinachotokea. Anayekosea nywila mara mbili asubuhi pengine amesahau. Akaunti iliyojaribiwa mamia ya mara ndani ya dakika chache usiku wa manane, kisha ikafunguka, ni mlango uliovunjwa, na mtu anapaswa kuamshwa usiku huo huo.

Ndugu mgeni rasmi, ujuzi huu unahitajika sana mahali pasipoweza kuununua. Tarehe 12 Mei 2017 programu hasidi iitwayo WannaCry ilianza kufunga mafaili na kudai fidia, ikaenea katika nchi zipatazo 150, na hospitali nyingi za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu. Sasisho la kuziba tundu lililotumika lilikuwa limetolewa na Microsoft tarehe 14 Machi mwaka huo huo, takriban miezi miwili kabla. Dawa ilikuwapo, palikosekana mtu wa kuisimika kwa wakati. Shule, zahanati na vikundi vya akiba katika jamii zetu havina mtu huyo, na havitampata sokoni, kwa kuwa ISC2, shirika la kimataifa la wataalamu wa usalama wa mtandao, lilikadiria mwaka 2024 kwamba dunia ina upungufu wa wataalamu wa fani hii wapatao milioni 4.8, na wachache waliopo huenda kwenye mishahara minono.

Tunasema pia, kwa heshima, kwamba msaada huu unailinda na kampuni inayoutoa. Mwaka 2013 wadukuzi waliiba taarifa za kadi za malipo zipatazo milioni 40 za wateja wa maduka ya Target nchini Marekani, nao walianza kuingia kwa kutumia nywila zilizoibwa kwa mkandarasi mdogo wa mitambo ya ubaridi. Kampuni kubwa imezungukwa na wakandarasi, wasambazaji na wateja wadogo, na ulinzi wake hauwezi kuishia kwenye uzio wake.

Ndiyo maana makampuni mengine yameshaweka fedha katika njia hii. Cisco, kampuni ya vifaa vya mitandao, ilianzisha programu yake ya mafunzo ya mitandao mwaka 1997, ikipitia shule na vyuo. Microsoft ilitangaza mwaka 2021 mpango wa kusaidia kuingiza watu 250,000 katika fani hii nchini Marekani kupitia vyuo vya jamii, na mwaka uliofuata ikaupanua hadi nchi nyingine 23. Mpango unaotuvutia zaidi ni wa Google, ambayo mwaka 2023 ilitenga dola milioni 20 kwa ajili ya kliniki za usalama wa mtandao vyuoni, ambamo wanafunzi, wakisimamiwa na walimu wao, huzihudumia bure taasisi ndogo zisizo na uwezo wa kulipa.

Tunautaja mpango huo kwa sababu unagusa tatizo letu kubwa kuliko yote. Tumehitimu, lakini matangazo ya kazi za ngazi ya chini kabisa yanadai uzoefu wa miaka miwili au mitatu. Mhitimu mwenye ndugu katika ofisi kubwa hupata pa kuanzia. Sisi hatuna ndugu huyo. Tunaiomba kampuni yako itufungulie kliniki ya namna hiyo hapa kituoni, na ipokee wahitimu wachache kila mwaka katika kitengo chake cha ulinzi wa mifumo, hata kama ni kwa zamu za usiku. Hili tunalitanguliza mbele ya mengine yote.

Ombi la pili ni ada ya mtihani wa cheti kinachotambulika kimataifa. Ufadhili wa sasa unalipia masomo na kuishia mlangoni mwa chumba cha mtihani. Hata pale mtihani unapotolewa bure, vyeti vingine huhitaji ada ya kila mwaka ili vibaki hai, na tumeona wenzetu waliotutangulia wakifaulu kisha wakashindwa kuvitunza.

Tunaomba vilevile sehemu ya fedha iende kwa wakufunzi. Mashine hukabidhiwa siku moja, lakini mbinu za wahalifu hubadilika kila mara, na mkufunzi asiyepewa muda na malipo ya kujisomea atafundisha mashambulizi ya mwaka juzi. Mtaala nao uendelee kuwa huru, usijengwe juu ya bidhaa za kampuni moja, kwa sababu taasisi tutakazozihudumia zinatumia vifaa vya kila aina, vingi vikiwa vya zamani. Na ahadi ya ufadhili iwe ya miaka mitatu au zaidi, ili anayejiunga mwezi huu awe na hakika ya kumaliza.

Ndugu mgeni rasmi, tunafahamu kwamba anayejua kufunga mlango anajua pia kuufungua. Kila mmoja wetu ametia saini kiapo cha kutogusa mfumo wowote bila idhini ya maandishi ya mwenye mfumo, na tumekubaliana kwamba atakayekivunja ataondolewa kwenye umoja wa wahitimu. Tumeshaanza pia kuwafundisha wazazi wetu kuweka uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti zao, yaani uthibitisho wa pili juu ya nywila, kazi inayohitaji subira kuliko tulivyotarajia, na tumegundua kwamba bibi aliyewahi kutapeliwa huwa mwanafunzi makini kuliko wote.

Baada ya risala hii wenzetu wawili watakuongoza hadi chumba cha mazoezi, wakuonyeshe shambulio la majaribio na namna tunavyolitambua. Daftari zetu zipo mezani; tutafurahi ukizifungua.

Tunaomba kuwasilisha.