Chumvi ya Vézelay na chumvi ya kwetu

Dijon, Ufaransa, Jumapili usiku

Somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko Kigoma, wewe, shemeji na watoto. Mimi huku ni mzima, ila miguu inauma, na maumivu hayo ndiyo yaliyoleta barua hii. Ningeweza kukurekodia sauti kwenye simu kama kawaida yetu, lakini hili nimeona nikae chini niliandike, kwa sababu nina ombi, na ombi lenyewe nataka ulisome mara mbili.

Jirani yangu, yule bibi wa ghorofa ya chini anayeniletea mboga za bustanini kwake, ana miaka sabini na mbili na kila Jumamosi anakwenda kutembea. Wenyewe wanaita randonnée. Mnaacha gari kijijini, mnazunguka mashambani na misituni saa nne au tano, mnarudi palepale mlipoanzia. Hamna mlichokwenda kuleta. Miaka yote anayonialika nimekuwa nikikataa. Nilimwambia mimi na wewe tulishatembea vya kutosha utotoni, asubuhi shule, jioni dumu la maji kichwani na mzigo wa kuni. Safari hii akaniambia, "Twende Vézelay, kuna kitu nataka ukione." Akakataa kusema ni kitu gani.

Vézelay ni kijiji juu ya kilima, na wakazi wake hawafiki hata mia tano. Barabara ni moja, ya mawe, inapanda katikati ya nyumba za mawe mpaka kwenye kanisa kubwa la Mtakatifu Maria Magdalena. Chini barabarani yamepigiliwa makombe ya baharini ya shaba, alama ya mahujaji, maana ndipo inapoanzia mojawapo ya njia za zamani za kwenda Santiago de Compostela kule Hispania. Ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa miguu, na watu wanakwenda mpaka leo. Tulimpita kijana mmoja na mkoba mgongoni, amekaa kizingitini anafunga kamba za viatu taratibu, kama mtu anayejua kwamba akizifunga vibaya atajuta.

Tuliingia kanisani kwanza. Mwaka 1120 lilishika moto likaua mahujaji wengi, likajengwa upya, na ndilo lililosimama hadi leo. Matao yake yamejengwa kwa mawe ya rangi mbili, jeupe, la kahawia, jeupe, la kahawia. Ila kabla hujaingia ndani kabisa kuna ukumbi wa mbele, na juu ya mlango kuna nusu duara kubwa ya jiwe iliyochongwa karibu na mwaka 1130. Katikati ameketi Kristo, miale inatoka mikononi mwake inawafikia mitume, anawatuma duniani kote. Pembeni na chini yake wamechongwa watu wa mataifa yote watakaofikiwa na habari hiyo. Somo, nilisimama pale shingo ikaniuma. Kuna watu wenye vichwa vya mbwa. Kuna kijitu kifupi kinatumia ngazi kumpanda farasi. Pembeni kabisa kuna baba, mama na mtoto, masikio yao makubwa kama ungo, yanawafunika mwili kama kanga. Ndivyo walivyotuwaza sisi wa mbali. Waliochonga hawakuwa na ubaya, mikono yao inaonyesha upendo, kila unywele umechongwa. Lakini hawakuwahi kutuona. Nilitoka pale na kitu kimenikaa kooni, na bibi akaniona, asiseme neno.

Njia inaanzia nyuma ya kanisa. Unapita lango la zamani, unateremka kwenye kijia cha udongo mpaka kanisa dogo la La Cordelle, walipofikia ndugu Wafransisko mwaka 1217. Ni katika mteremko huo mtawa Bernard wa Clairvaux alihubiri vita vya pili vya msalaba, Pasaka ya mwaka 1146, mfalme wa Ufaransa akiwepo. Leo ni majani tu, nyuki, na benchi moja. Hatukukaa.

Nikufundishe alama, maana siku utakapokuja lazima uzijue. Mstari mweupe juu na mwekundu chini ni njia ndefu, zile zinazokatiza nchi nzima. Mstari wa manjano ni njia fupi ya kuzunguka kama yetu. Zimepakwa kwenye miti, kwenye mawe, hata kwenye nguzo za umeme. Ukiona mistari miwili imekatana kama alama ya kosa kwenye daftari la hesabu, ujue huko siko. Baada ya kijiji cha Asquins mimi nilikuwa mbele, nasimulia habari za harusi ya mdogo wako, nikaipita alama hiyo bila kuiona. Tulitembea robo saa nzima tukaishia kwenye shamba la ngano, mbele hakuna njia. Bibi akatoa ramani yake ya karatasi, ile ambayo sentimita moja ni mita 250, akaweka kidole. "Tuko hapa. Tunarudi." Basi.

Mei huku ni mwezi wa kupendeza. Mashamba ya mizabibu yanaanza kutoa majani, na mtu akisema zabibu za hapo watu wanajua, divai nyeupe ya Vézelay ina jina lake rasmi tangu 2017. Ng'ombe ni weupe kabisa, wakubwa, wanakutazama mpaka upite. Na muda wote huo kanisa linakufuata. Unaingia msituni linapotea, unatoka kwenye kona linatokea juu ya kilima, safari hii ubavu wa kushoto, mara nyingine mgongo. Nikaanza kuelewa kwa nini wanazunguka. Kitu kile kile unakiona toka pande zote, na kila upande kinakuwa kama kingine.

Tulikula Saint-Père, kijiji cha chini, kando ya mto Cure. Bibi alileta mkate, mayai ya kuchemsha na jibini ya mbuzi. Mimi nilileta chapati na maharage ya nazi, akala chapati mbili. Mbele yetu kanisa la kijiji, mnara wake una malaika wa mawe kwenye pembe, wanapiga tarumbeta. Miguu tukaitia mtoni. Maji baridi mpaka mfupa ukalia!

Baada ya hapo tukafuata mto kama kilomita mbili hivi, kuelekea juu, tukafika mahali penye uzio na kibanda cha tiketi. Panaitwa Fontaines Salées, chemchemi za chumvi. Bibi akalipa, akanishika mkono, akasema, "Ndicho hiki. Uliniambia kwenu ni mahali pa chumvi."

Somo yangu, nikueleze polepole. Ni uwanda wa majani, na ndani yake kuna misingi ya mabafu ya Warumi, mawe yamepangwa vyumba vyumba. Lakini hayo sikuyatazama sana. Kilichonisimamisha ni visima. Watu wa kale, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, walichukua magogo ya mwaloni, wakayatoboa katikati yakawa kama mzinga mkubwa wa nyuki, wakayasimamisha ardhini ili maji ya chumvi yapande ndani yake yasichanganyike na maji matamu ya mto. Na magogo yapo. Yapo, somo! Maji yenyewe ya chumvi yameyahifadhi. Niliinama juu ya kimoja. Ukingo wa gogo ni mweusi, umeliwa na wakati ukawa na meno meno kama kitana kilichokatika. Maji ndani yake yametulia, mara kiputo kinapanda toka chini, kinapasuka, kimya, kingine kinafuata. Vinapanda hivyo hivyo tangu enzi hizo. Mtunzaji wa mahali aliniona nimepiga magoti, akaniruhusu nichovye kidole. Nikalamba. Chumvi ya mbali, kama yale maji ya kusukutua jino linapouma.

Nikalia. Bibi alidhani nimeumia.

Nilikuwa nimeiona Uvinza, kwetu tulikokulia, yote kwa mara moja. Nimeiona stesheni, treni ya Kigoma inaingia usiku na akina mama wanakimbia na karai za vitumbua. Nimeuona mto Ruchugi. Nimetuona mimi na wewe kando ya zile chemchemi tunaokota vigae vya vyungu, vile vyenye mistari, tunavifanya sahani tunapikiapikia udongo, kisha jioni tunavitupa. Wewe ulikuwa na kimoja chenye ukingo uliopinda, hukutaka mtu akiguse. Unakumbuka? Na shangazi yako anatuambia tusivichezee hovyo, vile ni vyungu vya wenyewe, vya waliopika chumvi.

Hatukumwuliza zaidi. Tulikuwa watoto, chumvi ilikuwa ya dukani.

Usiku wa jana sikulala, nilikuwa nasoma. Mwaka 1967 wataalamu walichimba palepale kwetu, wakakuta kwamba chumvi ilikuwa ikipikwa Uvinza zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kiangazi watu walikuja toka Buha, toka Unyamwezi, toka ng'ambo ya ziwa, wanachota maji ya chumvi, wanayachemsha kwenye vyungu mpaka yakauke, na watawala wa Uvinza wanachukua fungu lao. Misafara ya Tabora kwenda Ujiji ilipita hapo. Kisha Wajerumani wakazishika chemchemi, ukaja mgodi, ikaja reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, na vyungu vikaachwa. Hesabu mwenyewe. Wakati fundi wa Vézelay anachonga yale masikio kama ungo, akijiuliza watu wa mbali wanafananaje, mabibi zetu walikuwa wameinama juu ya moto wanakoroga chumvi. Masikio yao ya kawaida kabisa, macho yanawashwa na moshi.

Jioni tulipanda kilima kurudi kwenye gari, mwinuko ule ni mkali, nikamwomba bibi tuingie tena kanisani. Nilikwenda moja kwa moja chini ya ile nusu duara. Nilimtafuta yule mama mwenye masikio. Kitu kilichokuwa kooni asubuhi hakikuwepo. Nilimtazama nikasema kimoyomoyo, wewe si sisi, sisi tulikuwa kazini.

Ndani kuna kitu kingine lazima nikuambie, kwa sababu wewe unaishi karibu na kambi na unawajua waliokimbia vita. Ukutani kuna misalaba mikubwa ya mbao. Mwaka 1946, vita imeisha, mahujaji waliibeba kwa miguu toka pande nyingi wakakutana Vézelay kuomba amani. Wafungwa wa Kijerumani waliokuwa kwenye kambi ya karibu wakaomba nao waje. Hawakuwa na msalaba, wakaunga wa kwao kwa boriti za nyumba zilizobomolewa kwa mabomu. Wakaruhusiwa, wakaubeba kati ya watu ambao mwaka mmoja nyuma walikuwa adui zao. Niliutazama kwa muda mrefu. Ni boriti tu, nzito, za nyumba ya mtu.

Sasa ombi.

Shangazi yako yupo, na akili yake bado ni kali, uliniambia mwenyewe wakati wa Krismasi. Yeye hakupika chumvi, lakini bibi yake alimsimulia. Huku magogo ya watu ambao hata majina yao hayajulikani yana uzio, yana mtunzaji, yana tiketi, na watoto wa shule wanaletwa kwa basi. Vigae vyetu vinakanyagwa. Sina uwezo wa kujenga uzio, na wewe huna. Lakini daftari tunalo. Nenda Uvinza, somo. Nauli nitatuma wiki hii, pamoja na ya kumnunulia shangazi kitenge na sukari. Kaa naye siku mbili, usimharakishe, mwache aanze anapotaka yeye.

Muulize vyungu vilifinyangwa na nani, wanawake wa palepale au vililetwa. Muulize maji yalichotwa wakati gani wa siku, na kuni zilitoka wapi, maana kuni zilikuwa nyingi. Muulize chumvi ilifungwaje safarini, yeye aliwahi kusema ilifungwa kwa majani kama mtoto mgongoni, nataka kujua majani gani. Muulize kulikuwa na miiko gani pale chemchemini, nani alifungua msimu, nani hakuruhusiwa kukaribia. Na kama kuna wimbo wa kukoroga, mrekodi akiimba, hata kama ni mstari mmoja anaokumbuka. Maneno ya Kivinza yaandike kama anavyoyatamka, usiyageuze Kiswahili.

Halafu akipata nguvu mwende naye mpaka chemchemini, mzunguke taratibu, akuonyeshe kwa mkono, hapa palikuwa hivi, pale vile. Mimi nitakuja Desemba, nimeshaomba likizo, na huo mzunguko tutaurudia sisi wawili kwa miguu toka stesheni. Viatu vyako nimeshavinunua. Namba yako bado ni 39?

Kigae kile chenye ukingo uliopinda, kama bado kipo kwenye sanduku la mama yako, kitunze. Usinitumie kwa posta.

Msalimie shangazi, mwambie nimeonja chumvi ya ugenini na yake ndiyo kali.

Ni mimi,
Somo wako