Kaisari wa Kwenye Picha Yenu ni Mjerumani

Ndugu Mhariri,

Alhamisi iliyopita mjukuu wangu alinijia mbio na gazeti lenu mkononi, maana anaujua ugonjwa wa babu yake wa sarafu za kale. Mmeweka picha ya kijana wa upande wa Pangani ameshika sarafu ya fedha aliyoifukua shambani, na juu yake mmeandika kwa herufi kubwa kwamba ni ya Kirumi, ya miaka elfu mbili, na kwamba thamani yake ni mamilioni. Nilichukua lenzi yangu, nikatoka barazani kwenye mwanga, nikaitazama hiyo picha mpaka chai ikapoa.

Huyo si Kaisari wa Roma. Ni Kaisari Wilhelm wa Pili wa Ujerumani, na kitu alichoshika kijana ni rupia.

Simcheki mwandishi wenu. Kwenye rupia za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, zilizoanza kutengenezwa 1890, jina la mfalme liliandikwa kwa Kilatini: GUILELMUS II IMPERATOR. Liingize hilo neno la mwisho kwenye simu, itakupeleka Roma moja kwa moja. Tena kichwani ana kofia ya chuma yenye tai, na tai kila mtu ameshasikia kuwa ni ndege wa Warumi. Lakini jamani, tazameni masharubu! Yamepinda juu kama pembe. Wafalme wa Kirumi ama wamenyoa, ama wamefuga ndevu kamili. Masharubu matupu sijapata kuyaona. Halafu ile U. Warumi waliandika V. Na duara lenyewe limenyooka kama limechorwa kwa bikari, kazi ya mashine. Sarafu ya Kirumi iligongwa kwa nyundo, moja moja, kwa nguvu ya mkono, na ndiyo maana mara nyingi muhuri umekaa upande: mfalme amekosa kisogo, au herufi tatu zimeangukia nje. Mngechapa na upande wa pili, mambo yangeisha hapo hapo, kwa sababu kuna simba na mti kama mnazi, na jina la kampuni kwa Kijerumani.

Ninaandika kwa sababu najua kinachofuata baada ya habari kama hii. Huku Tanga hadithi ya hazina ya Mjerumani haijawahi kulala. Jirani yangu aliuza ng'ombe wawili akanunua "rupia yenye nguvu" kutoka kwa watu waliokuja na pikipiki usiku, na asubuhi alikuwa na kipande cha bati. Sasa mkiongeza na hazina ya Mrumi, tutafukua hata makaburi.

Mtauliza mzee wa Ngamiani anajuaje sarafu za Warumi. Nilikuwa baharia miaka kumi na minane, mingi kati yake kwenye meli za Wagiriki. Wagiriki tuliwazoea tangu utotoni, baba yangu alikata mkonge kwenye shamba la mmoja wao. Serahangi wetu alikuwa mtu wa kisiwa cha Chios, na zamu za usiku alinifundisha alfabeti yao, ili angalau nijue mlango wa choo cha wanaume bandarini Piraeus. Mwaka 1983 tulipakua Hamburg, mvua ikanyesha siku tatu, nikaingia dukani kukwepa baridi. Ndani kulikuwa na sinia la vipande vya shaba vilivyochafuka, kila kimoja marki tano. Bei ya samaki na viazi. Nilichagua kimoja kwa kuwa nilimwona farasi.

Mhariri, shaba hiyo ninayo mpaka leo, na si kubwa kuliko ukucha wa kidole gumba. Upande mmoja ni mfalme wa Kirumi Constantius wa Pili, mwana wa Constantine. Upande wa pili askari anamchoma mkuki mpanda farasi anayeanguka, mkono ameuinua nyuma kama anayeomba radhi. Kuzunguka kumeandikwa FEL TEMP REPARATIO, yaani nyakati za heri zimerejea. Nilipotafsiriwa nilicheka peke yangu kwenye kabini ya kulala. Sarafu hizo zilianza kutolewa mnamo mwaka 348. Mfalme alikuwa vitani na Waajemi, na miaka miwili baadaye upande wa magharibi jemadari Magnentius akajitangazia ufalme. Heri iko wapi? Nikakumbuka nyumbani, foleni ya sukari, na redio inavyosema. Tangu hapo nikaambukizwa.

Nirudi kwenye mamilioni. Watu hudhani kitu kikishakuwa cha kale basi ni ghali. Warumi walifua sarafu kwa mamia ya miaka, kutoka Uingereza mpaka Misri, na walizifukia wakifikiri watarudi. Ndiyo maana nyingine huuzwa Ulaya kwa bei ya samaki mpaka leo. Na fedha yenyewe? Dinari ya Augustus ilikuwa karibu fedha tupu, gramu nne kasoro kidogo. Wafalme waliofuata wakawa wanaichanganya na shaba, kidogo kidogo, vita baada ya vita. Ikifika miaka ya 260, zama za Gallienus, sarafu iliyoitwa ya fedha ilikuwa shaba iliyopakwa weupe. Sisi tuliokuwa tunapokea mshahara mwaka 1986 shilingi iliposhushwa hatuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Zipo za mamilioni, sikatai. Kuna moja ya dhahabu ya Brutus, mmoja wa waliomuua Julius Caesar, ina majambia mawili na kofia ya mtumwa aliyeachwa huru, na chini imeandikwa EID MAR, tarehe ya mauaji yenyewe. Mwaka 2020 iliuzwa London kwa zaidi ya pauni milioni tatu. Mwaka 2023 ilirudishwa Ugiriki, kwa kuwa karatasi za kueleza ilikotoka zilikuwa za uongo. Msomaji aweke kando hilo la karatasi, nitalirudia.

Kwanza nimalize habari ya nyumba yangu, maana mke wangu ameniambia nikiandika gazetini niandike yote.

Kipande nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa follis, shaba nene ya Wabizanti, yaani Warumi wa mashariki, wa Konstantinopoli, yenye herufi M kubwa katikati. M kwa hesabu ya Kigiriki ni arobaini: sarafu moja ni sawa na vijisarafu arobaini, na mpango huo aliuanzisha mfalme Anastasius mwaka 498. Waarabu walipoichukua Shamu walizikuta hizo folles sokoni, wakaziita fals, na kwa wingi fulus. Kutoka kwao tukapata fulusi. Babu yangu alikuwa akisema "sina fulusi" bila kujua kwamba anataja shaba ya Kibizanti. (Wavuvi nao watasema fulusi ni samaki. Sawa, na huyo naye ni mtamu.) Dinari ni denarius ya Mrumi, dirhamu ni drakma ya Mgiriki. Mfukoni mwa lugha yetu zimejaa sarafu zao, na ardhini mwetu karibu hakuna.

Basi kwenye ile M yangu, pembeni, kulikuwa na neno ANNO na tarakimu za mwaka wa utawala wa Justinian. Nilikuwa sijazisoma vizuri kwa sababu ya kutu ya kijani. Nilisafiri. Kurudi, nikaikuta inawaka kama sinia la harusi. Mke wangu aliisugua kwa ndimu na majivu, siku nzima ya Ijumaa, kwa mapenzi. Kutu ilitoka, na tarakimu zikatoka nayo. Najua ni ya Justinian. Ya mwaka gani, Mungu anajua. Sikumgombeza, nilikwenda tu kukaa ufukweni mpaka magharibi.

La pili ni la aibu yangu mwenyewe. Tulitia nanga Izmir, Uturuki, nikapanda basi kwenda Efeso kulitazama pango ambalo watu wa huko husema ni la Ashabul Kahf. Mnakijua kisa: wale vijana waliamka baada ya miaka mingi, wakamtuma mmoja mjini na fedha zao akanunue chakula, na wasimulizi husema ni hiyo fedha ya kizamani iliyowashtua watu sokoni. Sasa hapo hapo pangoni, nikiwa bado na machozi ya imani, mvulana akanifunulia kiganja. Bundi! Sarafu ya fedha ya Athens, Athena upande mmoja, bundi upande wa pili, na tawi la mzeituni na kijimwezi nyuma ya bega lake. Nilitoa dola arobaini bila kubembeleza bei.

Tanga, sonara aliiweka kwenye mizani. Bundi wa Athens wa drakma nne ana gramu kumi na saba na kidogo. Wangu alikuwa na kumi na tatu. Sonara akaizungusha ukingoni, akanionyesha mshono mwembamba unaozunguka kama wa mpira wa miguu, na vitundu vidogo vya hewa usoni mwa Athena. Haikugongwa, akasema, imesubiwa kwenye kalibu. Nilihuzunika wiki nzima, mpaka rafiki yangu mmoja wa melini akanikumbusha kwamba sheria ya Uturuki inakataza kuzitoa nchini sarafu za kale, na ningekamatwa nayo forodhani ikiwa ya kweli ningeyajua magereza ya huko. Mke wangu alikuwa na neno lake pia: mtu mzima analeta bundi ndani ya nyumba ya watoto, kwa hiari yake, na amemlipia. Wagiriki walimpenda yule ndege, alikuwa wa mungu wao wa hekima. Nilijaribu kumweleza. Bundi akahamia kwenye kopo la biskuti.

Nimeyasema haya ili nifike hapa, kwenye lile la karatasi: katika vipande thelathini na kitu nilivyo navyo, hakuna hata kimoja ninachojua kilitoka ardhi gani. Kilifukuliwa shambani, kaburini, chini ya jiko la mtu? Aliyekichimba alikitenga na vitu vilivyolala kando yake, akakiuza, na hilo halirudi tena. Ninazo picha za wafalme. Habari sina.

Hapa pwani tuna mfano mchungu. Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, Mwingereza mmoja, Kapteni Haywood, alisema amepata rundo la sarafu Bur Gao, kusini mwa Somalia: za akina Ptolemaio, wafalme wa kale wa Misri, za Warumi, na ndani yake zimo za Misri ya karne nyingi baadaye. Ingekuwa zawadi kubwa kwetu. Lakini hapakuwa na kumbukumbu ya maana ya jinsi zilivyokaa ardhini, na alipofika mwanaakiolojia Neville Chittick mwishoni mwa miaka ya 1960 hakuona dalili za mji wa zama hizo. Mpaka leo wataalamu wengi hawazitegemei. Na ukimsoma yule mwandishi wa karne ya kwanza aliyeeleza njia ya kuja Rhapta, soko la kale la pwani yetu, anataja mikuki, mashoka, visu na vitu vya kioo vilivyoletwa kwa babu zetu. Sarafu kwa upande wetu hazitaji. Kwa hiyo Mrumi mmoja tu, akipatikana Pangani mahali pake halisi, na vigae vyake pembeni, angekuwa na uzito kuliko gunia zima la Hamburg.

Linganisheni na Mtambwe Mkuu, Pemba. Mwaka 1984 zilichimbwa pale sarafu za fedha zaidi ya elfu mbili, ndogo ndogo, pamoja na dinari chache za dhahabu za Wafatimi, makhalifa wa Misri, na wachimbaji walijua kila kitu kilikaa wapi. Hizo zinazungumza. Au zile za Kilwa, za shaba, ambazo maneno ya upande wa mbele na wa nyuma yanafungana kwa vina (sultani gani mwingine aliweka shairi kwenye senti?). Mwaka 1944 askari wa Australia, akiwa ufukweni kisiwa cha Marchinbar kaskazini mwa nchi yao, aliokota sarafu tano za Kilwa. Aliziweka koponi miaka mingi bila kuzijua. Lakini alipozitoa kwa wataalamu mwaka 1979 alikuwa bado anakumbuka mahali, akatia alama ya X kwenye ramani. Kwa sababu ya X hiyo watu wamekwenda kupekua mchanga ule, na wanabishana mpaka sasa Kilwa ilifikaje huko. Askari yule alifanya kwa kalamu kitu ambacho sijakifanya mimi kwa fedha zangu zote.

Ninaomba basi mchape marekebisho, na safari hii muweke pande mbili za sarafu. Kijana mwambieni asiisugue, si kwa ndimu wala kwa mchanga. Aandike ni shamba gani, kina gani, na kulikuwa na nini kando yake. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, kwa hiyo ingekuwa kweli ya Kirumi asingeweza kuiuza hivi hivi. Rupia imemponyesha. Akipata ya shaba iliyo na mizani upande mmoja na Kiarabu upande wa pili, hiyo ni pesa ya Sultan Barghash, bibi yake huenda anayo kwenye sanduku.

Na akitaka kumwona Constantius na yule mpanda farasi, mimi niko barazani kila siku baada ya alasiri. Bundi naye yupo, ila kopo tunalifungulia nje.

Baharia Mstaafu,
Ngamiani, Tanga