Ile flashi uliyonitumia

Kirumba, Mwanza
Jumapili jioni

Shoga yangu,

Mwangaluka! Najua ni jioni na hiyo ni salamu ya asubuhi, lakini umekaa Dar miaka mingi kiasi kwamba huna tena haki ya kunikosoa Kisukuma. Mama anakusalimu. Anauliza utakuja lini, na ukija usije tena na zile nywele. Dagaa wetu wiki hii wameanikwa wakaloweshwa na mvua mara tatu, kwa hiyo hasira zangu zingine utakazozikuta humu si zako.

Nakuandikia kwa sababu ya ile flashi yenye filamu ya Tusk. Ulinipa maagizo mawili: nisiangalie peke yangu, na nisile kabla. La kwanza nimelitii kupita kiasi. Nilimpa kaka akaiweka kwenye kibanda umiza chake cha video Jumatano, siku ambayo hakuna mpira, kiingilio shilingi 500, mimi nikakaa mlangoni na bakuli la hela. Ubaoni kaka aliandika kwa chaki: TUSK, INATISHA, INACHEKESHA, CHINI YA 18 MARUFUKU. Benchi zilijaa kabla ya saa mbili, na anayeuza karanga akaingia bure kwa madai kwamba yeye ni mfanyakazi.

Kabla hawajaanza nilikuwa nimeisoma soma, unanijua. Kevin Smith, aliyeitunga, alikuwa mwaka 2013 anapiga soga na mwenzake Scott Mosier kwenye kipindi chao cha intaneti, podikasti, wakaanza kulicheka tangazo moja la Uingereza. Mwenye nyumba anatoa chumba bure, sharti mpangaji akubali kuvaa kama walrasi, yule mnyama mnene wa bahari za barafu mwenye meno marefu, kwa muda fulani kila siku na kulia kama walrasi. Wakacheka, wakaanza kubuni hadithi hapohapo hewani, mwisho wakawauliza wasikilizaji: tuitengeneze au tusiitengeneze? Watu wakajibu Twitter, itengenezwe. Septemba 2014 ikaoneshwa kwenye tamasha la Toronto. Tangazo lenyewe kumbe lilikuwa utani wa mtu. Hebu fikiria, shoga, chumba bure! Hapa mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mbele na ukipika maharage anakuuliza ni ya umeme au ya mkaa. Kwa chumba bure Mwanza nzima ingevaa meno ya walrasi kuanzia Igoma mpaka Nyegezi.

Huyo walrasi ndiye aliyemtesa mtafsiri wetu. Ni yule bwana wa maikrofoni, anayetafsiri palepale filamu ikienda, hana karatasi. Alipofika kwenye jina la mnyama akakwama. Akajaribu "nguva", mvuvi mmoja akamkatalia kwamba nguva ana sura. Akajaribu "sili", hakuna aliyejua ni nini. Mwishowe akatangaza: "Kiboko wa barafuni, mwenye pembe za ndovu na ndevu za mwalimu mkuu." Likapita, na hatukulisikia tena lile la Kizungu.

Mwanzo ulikuwa raha tupu. Yule Wallace, kijana wa Los Angeles anayeishi kwa kuwacheka watu kwenye kipindi chake, mtafsiri akambatiza Masanja. Masanja anapanda ndege kwenda Kanada kumhoji mvulana aliyejikata mguu kwa upanga mbele ya kamera, ili akamcheke vizuri. Anafika, mvulana ameshajiua. Safari imeharibika. Akiwa chooni kwenye baa anaona karatasi ukutani: mzee ana nyumba kubwa msituni Manitoba, ana hadithi nyingi za bahari, karibu ulale bure. Akaenda usiku huohuo. Mzee ni Howard Howe, kwetu "Babu", na yeye akamkaribisha chai.

Kibanda kizima kikasimama. "Masanja, usinywe!" Mama mmoja wa benchi la mbele alinyoosha mkono kabisa kana kwamba ataipindua ile meza. Halafu nyuma kule mtu akapaza sauti, "Kikombe cha Babu hicho!" na watu wakalala chini kwa kicheko, maana sote tunakumbuka 2011, Babu wa Loliondo na dawa yake ya kikombe, foleni ya magari, na kikombe chenyewe kilikuwa shilingi 500 kama kiingilio chetu.

Nikuambie kitu kuhusu yule mzee. Michael Parks, aliyemwigiza, alifariki 2017, na mimi nasema bila yeye filamu hii ni takataka. Anapokaa kwenye kiti chake cha magurudumu na kusimulia jinsi meli ilivyozama, jinsi walrasi alivyomwokoa na kumkumbatia kwenye baridi, na, kama anavyokuja kukiri baadaye, jinsi njaa ilivyomshinda akamuua rafiki yake huyo akamla wakati waokoaji wako karibu kufika, mtafsiri aliacha utani. Alitafsiri taratibu, kama babu zetu walivyokuwa wakisimulia kwenye mwanga wa koroboi. Niliona wavuvi wanatikisa vichwa. Hawa ni watu waliowahi kupinduka ziwani. Wanajua mtu akining'inia kwenye dumu usiku anaahidi nini.

Ndipo Masanja akaamka asubuhi, mguu hakuna.

Shoga, hapo ndipo nilipotaka kukutafuta kwa simu nikutukane. Uliniandikia kwamba hapo ndipo ulipocheka mpaka ukatoka machozi. Babu anamdanganya eti ameumwa na buibui, daktari ameukata, na Masanja analia kwa namna ya kuchekesha kweli, sikatai. Lakini kwetu kibanda kilinyamaza. Mtafsiri aliweka maikrofoni gotini. Tulisikia Kiingereza kitupu na jenereta ya jirani.

Unamkumbuka yule kijana wa kofia pana anayeuza vocha karibu na mwalo? Mwenye ualbino, kwao Ukerewe. Huja kila Jumatano na hukaa benchi lilelile la ukutani. Kila mtu alijua yumo ndani na hakuna aliyegeuka kumtazama, na kule kutogeuka kulikuwa kubaya kuliko kugeuka. Wewe 2014 ulikuwa bado huku. Filamu imeoneshwa Toronto Septemba. Desemba mwaka huohuo akachukuliwa yule mtoto mwenye ualbino wa miaka minne Kwimba, usiku, nyumbani kwao. Mtu kuchukuliwa na kukatwa kiungo, Kanda ya Ziwa hatukukusikia sinema kwanza.

Kimya kile kilikuwa kirefu. Halafu tukasikia sauti yake, taratibu, kama mtu anayetaja bei ya vocha:

"Afadhali huyu Babu. Anamfuga. Hajamuuza kipande kipande."

Hakuna aliyejua afanye nini na uso wake. Kisha akacheka mwenyewe, kile kicheko chake cha puani, na hapo ndipo tukapata ruhusa. Tulicheka, wallahi, lakini nilikuwa nashika bakuli la hela kwa mikono miwili.

Baada ya hapo ilirudi kuwa kichekesho. Babu anamkata Masanja ulimi, anamshonea ndani ya suti ya ngozi za watu, na pembe amezichonga kutokana na mifupa ya miundi ya Masanja mwenyewe. Suti hiyo ilitengenezwa na Robert Kurtzman, mtu wa kazi hizo, na ilipoonekana yote kwenye mwanga dada yangu fundi cherehani alisonya. "Mishono gani hiyo? Hata ovaloki hajapiga. Inafumuka hiyo kabla ya Krismasi." Babu alipomtupia samaki mbichi, wavuvi wakagoma: hata magamba hujamtoa? Johnny Depp naye anaingia na pua ya bandia, mpelelezi wa zamani kutoka Quebec, anaongea polepole mpaka chai inapoa. Mtafsiri akachoka naye, akamgeuza askari wa Misungwi anayeomba nauli. Kwa maoni yangu hiyo ilikuwa bora kuliko maneno yaliyoandikwa.

Ila neno moja lilikuwa linazunguka gizani tangu ulimi ulipokatwa: msukule. Kila aliyekaa pale amekua na hadithi hiyo, mtu anazikwa, kumbe hakufa, amechukuliwa, amekatwa ulimi asiseme, analimishwa usiku kwenye shamba la mtu. Wazungu wanadhani wamebuni kitu kipya. Tofauti niliyoiona ni kwamba msukule anatakiwa kufanya kazi, na Babu hataki kazi yoyote. Anataka rafiki aliyemla arudi, apigane naye, safari hii rafiki ashinde. Na kweli anashinda, Babu anachomwa kwa zile pembe, anakufa akiwa ameridhika. Sikumpenda mzee, lakini nilimwelewa zaidi kuliko nilivyotaka.

Mwisho ndio uliozua kesi. Mwaka umepita, Masanja bado ni kiboko wa barafuni, anaishi kwenye uzio wa hifadhi ya wanyama. Mchumba wake na rafiki yake wanakuja kumtembelea, wanamtupia samaki, yeye anatoa machozi. Mimi nilikumbuka tulipopelekwa na shule kisiwani Saanane kuona wanyama, wewe ukang'ang'ania wavu ukisema wanyama wanatujua majina. Nikawa nimeanza kulia kidogo, taa zikawashwa, na yule wa karanga akasimama juu ya benchi:

"Samahani. Kwa nini hawakumpeleka Hospitali ya Bugando?"

Mtafsiri akasema filamu imeisha. Wa karanga akasema hapana, ajibiwe. Mtu ni mzima, anasikia, analia, suti ni ya kushonwa, si wafumue tu? Mguu hana, sawa, watu wangapi hawana miguu? Ulimi hana, sawa, ataandika. Mwaka mzima wanamletea samaki! Fundi cherehani akamuunga mkono, akasema yeye angemfumua kwa wembe ndani ya siku moja. Mtafsiri akajitetea kwamba bima ya Masanja imeisha. Walimzomea. Yule kijana wa kofia pana alikuwa anacheka mpaka anajifuta macho, akasema yuko tayari kuchangia elfu moja, na watu wengine watatu, sikutanii, wakaja kuweka mia tano tano kwenye bakuli langu.

Zimo humu kwenye bahasha pamoja na flashi, shilingi 2,500, maana sikujua nizipeleke wapi. Dagaa kilo mbili nimemkabidhi kondakta wa basi la Jumanne asubuhi, waanike tena ukiwapokea, bado wana unyevu. Safari ijayo tutumie ya ngumi.

Wako wa Kirumba