Barua kwa Kapinga, juu ya sombe (mboga ya majani ya muhogo) ya mama mdogo

Mwanangu Kapinga,

Mama yako mdogo amenipigia simu kutoka Katuba, huko Lubumbashi. Hakukushtaki. Aliuliza tu kama kweli daktari alikataza karanga zisiingie tena ndani ya nyumba unamolala. Nikamjibu hapana.

Ugonjwa wako huu, mzio wa karanga, si maringo, na anayesema hivyo aje kwangu. Koo linavimba, pumzi inakata, mtu anaweza kufa kabla ya kufikishwa hospitali. Hata karanga iliyochemka ndani ya sombe mpaka jioni bado ni hatari kwako. Lakini kinachokuangusha ni kula. Kukaa karibu na kinu wakati wenzako wanatwanga, hiyo ni harufu. Itakukera, lakini si rahisi ikuue.

Basi utawakataza wangapi? Huko Lubumbashi watu wanatafuna muhogo na karanga barabarani, na kikanda, kile chakula cha mizizi na karanga, kinauzwa kila soko. Mtoto wa jirani yetu hapa Likasi alipona utapiamlo kwa Plumpy'Nut, nayo ni karanga, maziwa, sukari na mafuta. Siwezi kuichukia karanga kwa ajili yako.

Cha kumdai mama mdogo, tena bila haya, ni sufuria yako na mwiko wako, na chakula chako kipakuliwe kwanza. Watoto wakishakula wanawe kwa sabuni. Kumwagiwa maji vidoleni hakutoshi. Na ukiuliza "humu mmetia nini?" ujibiwe kweli. Hapo sina mchezo. Mtu akikufichia kijiko cha unga wa karanga ili aone kama kweli unaumwa, hama kwake usiku huohuo, nitalipa teksi.

Kwenye matanga, kula nyumbani kwanza. Wakinuna, wanune.

Kisha nenda na mama mdogo zahanati ya karibu, mmuulize muuguzi kama wanaweka adrenalini. Mama mdogo aelewe kwamba sindano hiyo huchomwa pajani, mapema, na vidonge vya kutuliza muwasho haviwezi kushika nafasi yake. Ajue na njia ya kufika pale usiku.

Sufuria usinunue, nakuja nayo Jumamosi. Ila umpigie magoti kidogo mama mdogo kabla sijafika, maana ile sauti uliyomtolea jikoni nimesimuliwa yote.

Baba yako